Kompyuta, Waya na Radi: Kujenga Mtandao kwa Gharama Ndogo Wilayani Rusizi

Katika wilaya ya Rusizi, ambayo wazee wengi bado huiita Cyangugu, kompyuta si kitu cha kushangaza watu tena. Zimo katika ofisi za sekta, katika shule na vituo vya afya, na katika nyumba za askari waliojinunulia kwa akiba yao wenyewe. Lakini aghalabu kila kompyuta hukaa peke yake, mithili ya mlinzi aliyesahauliwa lindoni. Karani akitaka kumpa mwenzake orodha ya wanachama, huichukua kwa flashi akampelekea mkononi, na flashi hiyo, pamoja na orodha, hubeba virusi vya kompyuta ya kwanza mpaka ya pili. Siku diski inapokufa, daftari zima la ushirika hufa nayo, na hapo ndipo watu huanza kuulizana nani alichangia kiasi gani na nani anadaiwa. Urafiki wa miaka mingi umewahi kuvunjika kwa jambo dogo kuliko hilo.

Makala haya tumewaandikia ndugu wapiganaji na ndugu polisi ambao wana ushirika wa familia, maktaba ya watoto, au chama cha wenzao waliostaafu, na ambao wangependa kuziunganisha kompyuta zao chache bila ya kungoja fedha nyingi. Kwanza tuweke jambo moja wazi. Habari za kazi yenyewe, yaani zamu, silaha, upelelezi na majalada ya kesi, hazihusiki kabisa na haya tunayoyaeleza. Hizo zina vyombo vyake na wakubwa wenye dhamana nazo, na mtu asijaribu kuzipitisha katika mtandao aliojiundia mwenyewe, hata kama anadhani ameufunga barabara.

RADI NDIYO ADUI WA KWANZA

Vitabu vingi vinavyofundisha kazi hii viliandikwa na watu wa nchi ambako radi hupiga mara chache kwa mwaka, kwa hiyo huanza kwa kueleza mwendo wa kasi. Sisi tunaanza na radi. Utafiti wa wataalamu uliochapishwa mwaka 2016, ukitumia vipimo vya setilaiti ya NASA vya miaka mingi, ulionyesha kwamba mahali panapopigwa na radi kuliko pengine pote barani Afrika pako mashariki ya Kongo, magharibi ya Ziwa Kivu. Sisi wa Rusizi tu majirani wa mahali hapo.

Watu wengi hudhani kwamba radi huharibu vyombo pale tu inapopiga nyumba yenyewe. Sivyo. Radi ikipiga mti au ardhi iliyo karibu, nguvu yake huamsha umeme katika kila waya mrefu ulio jirani, na waya wa mtandao uliotandazwa kutoka jengo hadi jengo ni mrefu wa kutosha. Tena ardhi ya jengo moja na ardhi ya jengo jingine huwa hazilingani kwa umeme wakati huo, hivyo tofauti hiyo hutafuta njia, na njia nyepesi kuliko zote ni waya wako wa shaba. Matokeo yake ni swichi iliyoungua, na kompyuta ambazo zinawaka vizuri lakini mlango wake wa mtandao umekufa.

Kwa sababu hiyo tunatoa shauri ambalo hatutaki lipunguzwe kwa kisingizio cha gharama: ndani ya jengo moja tumia waya wa shaba; kati ya jengo na jengo tumia kebo ya nyuzi za kioo. Kioo hakipitishi umeme. Kifaa kidogo cha kugeuza ishara ya umeme kuwa mwanga huwekwa kila upande, viwili kwa jumla, na bei yake siku hizi si ya kutisha. Ila angalia aina ya kebo. Zipo zilizopachikwa uzi wa chuma wa kuzibeba juu ya nguzo, na chuma hicho kikiingizwa ndani ya nyumba, faida yote ya kioo imepotea. Chagua ile isiyo na chuma, au chuma kikatwe nje kabla ya ukuta.

Ama kuhusu zile soketi ndefu zinazoandikwa kwamba zinazuia mshtuko wa umeme, ni kweli zinasaidia, lakini kwa sharti kwamba waya wa ardhini wa nyumba ni wa kweli, umeunganishwa na fimbo iliyozikwa vizuri. Katika nyumba nyingi tundu la tatu la soketi limewekwa kwa ajili ya sura tu. Fundi wa umeme alipime kwanza. Na mawingu yakikusanyika kutoka upande wa ziwa, chomoa waya wa umeme, kisha chomoa na waya wa mtandao na wa antena. Wengi huchomoa wa kwanza wakasahau hizo nyingine.

WAYA NA SWICHI

Mtandao wa ndani una vitu vichache tu: kompyuta, nyaya, swichi inayoziunganisha, na ruta inayoutenganisha mtandao wenu na ulimwengu wa nje. Swichi ndogo ya milango 8 yatosha ushirika wa kawaida. Kila waya usizidi mita 100, kwani zaidi ya hapo ishara hudhoofu na makosa huongezeka. Waya wa daraja linaloitwa 5e hupitisha gigabiti moja kwa sekunde, na kwa kazi za daftari na picha hatuoni sababu ya kununua daraja la juu zaidi.

Lakini yapo madanganyo sokoni ambayo hatuna budi kuyataja. Nyaya nyingi za bei ya chini si shaba. Ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Hukatika upesi ikipindwa, na hupitisha umeme vibaya. Kuitambua ni rahisi: kwangua ncha ya uzi kwa wembe. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani, na hiyo nyingine huonyesha weupe. Muuzaji akikataa ukwangue, nenda duka la pili.

Kuna kifaa cha kubana ncha, na askari mmoja mwenye mkono mtulivu hujifunza kukitumia kwa jioni moja. Mpangilio wa rangi uliozoeleka, kuanzia kushoto, pini zikikuelekea na ulimi wa plagi ukiwa nyuma, ni huu: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Fuata mpangilio huo huo katika ncha zote mbili. Anayejipangia rangi kwa kupenda kwake atapata waya unaofanya kazi ukiwa mfupi na kugoma ukiwa mrefu, naye atatafuta kosa kwa wiki nzima bila kuliona. Tena asiwepo mtu wa kuchomeka ncha mbili za waya mmoja katika swichi moja. Ujumbe utazunguka humo bila kikomo na mtandao wote utasimama, kama magari yaliyofungiana njia katika mzunguko wa Kamembe.

Kila kompyuta hupewa namba yake, kama nyumba za kambi zinavyopewa namba. Ruta huzigawa zenyewe, nazo aghalabu huanza na 192.168. Kompyuta za kawaida zipokee namba yoyote, lakini seva na printa ziwekewe namba ya kudumu, la sivyo kila umeme ukikatika na kurudi wenzako watakuja kukuuliza hifadhi imekwenda wapi.

KUVUSHA MAWIMBI

Mahali ambapo hata kioo hakiwezi kufika, kama vile kutoka kilima hadi kilima, mawimbi ya redio hufanya kazi. Mfano mzuri uko karibu nasi. Katika kisiwa cha Idjwi, humo humo katika Ziwa Kivu, mwaka 2016 ulianzishwa mtandao wa jamii ulioitwa Pamoja Net. Mawimbi yalivushwa juu ya maji kwa antena zilizoelekezana, na vyombo vikaendeshwa kwa nguvu za jua. Kabla yake, mwaka 2007, huko Gulu, kaskazini ya Uganda, shirika la BOSCO lilianza kuunganisha kambi za wakimbizi wa ndani kwa njia kama hiyo, likitumia kompyuta zinazokula umeme kidogo. Watu wa Idjwi na wa Gulu hawakuwa na fedha kuliko sisi.

Sharti kubwa ni kwamba antena mbili zionane. Mti mmoja wenye majani mabichi unatosha kuharibu kazi, na jani likilowa mvua huwa baya zaidi. Juu ya maji kuna jambo la ziada: uso wa ziwa huakisi mawimbi kama kioo, kwa hiyo antena ziinuliwe juu. Tena kabla ya kusimamisha mlingoti wowote ulizeni RURA, ambayo ndiyo yenye mamlaka juu ya masafa. Kwa askari walio mpakani neno hilo lina uzito maradufu, kwa kuwa antena iliyoelekezwa ovyo hupeleka sauti yako katika nchi nyingine.

Hapo hapo tukumbushe jambo linalowapotezea fedha watu wengi karibu na mto Rusizi. Simu na modemu hukamata mnara wenye nguvu zaidi, nao pengine ni wa ng'ambo. Modemu ya ushirika ikihamia mnara wa Bukavu usiku, kifurushi kitakwisha kabla ya alfajiri. Ingia katika mipangilio yake, uondoe uchaguzi wa kujiendesha, uchague mtandao wa nyumbani kwa mkono.

Waifai ya ndani ya nyumba haihitaji maelezo marefu. Badilisha neno la siri lililokuja na ruta, kwa sababu linajulikana na kila mtu. Tumia ulinzi wa WPA2 au WPA3. Zima kitufe cha kujiunga haraka kinachoitwa WPS. Na wageni wapewe mtandao wao mbali na wa daftari.

SEVA YA MTUMBA

Hatumshauri mtu akakope Zigama CSS ili anunue seva. Kompyuta ya mezani iliyostaafu ofisini, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, yatosha kabisa kuhifadhi mafaili ya watu ishirini. Vumbi lipulizwe, feni ijaribiwe, na betri ndogo ya saa ibadilishwe. Kitu kimoja tu kisiwe mtumba, nacho ni diski.

Programu hazina haja ya kununuliwa, wala kuibwa. Debian ni mfumo huria uliokuwapo tangu mwaka 1993, na juu yake huwekwa OpenMediaVault, inayomwezesha mtu kuisimamia hifadhi kwa kivinjari bila ya kuandika amri nyingi. Samba huifanya seva hiyo ieleweke na kompyuta za Windows. Mtu asidhani kwamba kitu cha bure ni cha mzaha. Katika hospitali ya Rwinkwavu, wilayani Kayonza, kumbukumbu za wagonjwa zilianza kuwekwa katika programu huria ya OpenMRS mwaka 2006, na programu hiyo ikaenea katika vituo vingine vya afya nchini.

Tupige hesabu ya umeme, maana hapo ndipo urahisi wa mtumba hugeuka gharama. Kompyuta ya mezani inayokula wati 70 usiku na mchana humaliza yuniti 50 hivi kwa mwezi. Kompyuta ndogo ya ubao mmoja, kama Raspberry Pi, ikiwa pamoja na diski yake hula wati 10 hivi, sawa na yuniti 7 kwa mwezi. Kwa hiyo kama seva itawashwa saa za ofisi tu, chukueni mtumba. Kama itawaka daima, kile kidogo kitajilipa chenyewe.

Umeme nao hukatika, ingawa tunaishi kando ya mto ule ule unaozungusha mitambo ya Rusizi II, mali ya pamoja ya Rwanda, Burundi na Kongo tangu mwaka 1989. Ruta wati 10, swichi wati 5, seva ndogo wati 10: jumla wati 25. Betri ya volti 12 yenye saa-ampea 50 ina wati-saa 600, na kwa kuwa betri ya risasi isishushwe chini ya nusu, utabaki na 300. Gawanya kwa 25 upate saa 12, upunguze kidogo kwa ajili ya upotevu njiani. Hiyo ni usiku mzima.

Joto nalo litazamwe. Kamembe iko juu ya ziwa ambalo uso wake uko mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni ya wastani. Lakini mto unapoiaga Rwanda huko chini, upande wa Bugarama, umeshuka hadi mita 950, mahali pa chini kuliko pote nchini. Diski inayofanya kazi raha mustarehe Kamembe yaweza kuchemka Bugarama. Isizidi nyuzi 45, na kabati lake lisifungwe kama sanduku la fedha.

NAKALA TATU

Sasa tumefika penye kiini cha jambo. Watu hununua diski mbili, huziweka katika seva moja ziandike kitu kile kile, kisha hulala usingizi wa pono wakidhani wana nakala. Hawana. Diski pacha humkinga mtu na kifo cha diski moja tu. Karani akifuta faili kwa bahati mbaya, limefutika katika zote mbili saa ile ile. Mwizi akiichukua seva, amechukua zote. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia huzifunga zote.

Kanuni ya wenye kazi hii ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali. Hapa kwetu neno mbali lina maana tunayoifahamu. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 liliitikisa Cyangugu na Bukavu. Upande wa Rwanda peke yake watu zaidi ya 30 walipoteza maisha, wengine wakiwa kanisani. Nyumba iliyoanguka siku ile ilianguka na kila kilichokuwamo. Nakala iliyowekwa katika chumba cha pili cha jengo lilo hilo, au hata ng'ambo ya barabara, si nakala ya mbali. Ipelekwe ng'ambo ya msitu wa Nyungwe, Huye au Kigali, kwa mwenzenu mnayemwamini, na ibadilishwe kila mwezi mtu anapokwenda likizo.

Nakala inayosafiri ifungwe kwa usimbaji. Programu ya VeraCrypt hufanya kazi hiyo bure. Majina, namba za vitambulisho, picha na akiba za wanachama ni habari za watu, na nchini Rwanda zinalindwa na Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, inayosimamiwa na mamlaka ya taifa ya usalama wa mitandao. Sheria hiyo haiulizi kama kompyuta yenu ilikuwa ya bei nafuu.

Msinunue diski kubwa kwa fahari. Ushirika wa watu 300, kila mmoja na picha ya kilobaiti 200, unahitaji megabaiti 60 tu kwa picha zote. Kurasa 10,000 za daftari zilizopigwa picha, kila moja kilobaiti 500, ni gigabaiti 5. Diski ya gigabaiti 500 itawatosha kwa miaka mingi, na fedha iliyobaki inunue diski ya pili na ya tatu. Jihadharini pia na flashi zinazoandikwa terabaiti moja kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani yake mna gigabaiti chache tu, nayo hupokea mafaili yote kwa utiifu na kuyatupa bila kusema neno. Programu ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux, huijaza flashi na kuisoma tena, uongo ukadhihirika kabla hamjaitegemea.

Kila miezi mitatu fanyeni zoezi. Askari anajua kwamba bunduki isiyojaribiwa si ya kutegemewa vitani. Chukueni nakala ya mbali, muifungue katika kompyuta nyingine ambayo haijawahi kuiona seva yenu, mtafute ukurasa wa mwanachama mmoja, mlinganishe akiba yake na daftari la karatasi. Zikilingana, mna nakala.

Seva hiyo hiyo yaweza kuwafaa watoto. Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, huweka Wikipedia nzima ndani ya diski isomwe bila intaneti, ya Kiswahili ikiwamo, na Kolibri huwapa masomo na mazoezi ya hesabu. Hakuna kifurushi kinacholiwa.

Limebaki la uhamisho. Katika kazi yetu mtu hupewa amri leo na kesho yuko Nyagatare, au yuko Bangui. Mara nyingi yule aliyeufunga mtandao ndiye peke yake anayejua maneno ya siri na waya upi unakwenda wapi. Kwa hiyo kila waya ubandikwe namba katika ncha zote mbili, na mchoro wa nyaya, namba za vifaa na tarehe za nakala viandikwe katika daftari la makabidhiano kwa kalamu ya wino. Maneno ya siri yawekwe katika bahasha mbili zilizofungwa na kutiwa sahihi juu ya mkunjo, moja kwa mwenyekiti na moja kwa mweka hazina, na kila mara moja ikifunguliwa, maneno yabadilishwe siku hiyo hiyo na bahasha mpya zifungwe.